Mashine Ionayo na Mtu Aamuaye

Mwezi wa Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupeleka Kongo ya Mashariki kikosi cha kupigana, wala si cha kulinda tu. Askari wake walitoka Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Wasomaji wakaao karibu na Lugalo, huku Kinondoni, huenda wanao jamaa waliokwenda huko. Desemba ya mwaka ule ule, mjini Goma, Umoja wa Mataifa ukarusha ndege zake zisizo na rubani, jambo ambalo haukuwa umelifanya katika kazi zake za kulinda amani. Ndege zile hazikuwa na silaha. Zilipiga picha, na watu waliokaa chini wakazitazama katika vioo kama vya televisheni, wakaamua la kufanya. Mashine iliona, mtu akaamua. Shikeni hilo, maana ndilo tutakalopimia mengine.

Siku hizi ipo elimu iitwayo akili unde. Mashine hupewa picha maelfu kwa maelfu, hizi za bunduki, hizi si za bunduki, mpaka ijue alama zinazozitenga. Mtoto naye hujifunza hivyo kutenga papai na boga. Lakini mtoto akishuku huuliza, na mashine hukisia.

Tumtazame fundi bomba atokaye Tandika asubuhi na kipande cha bomba begani. Ninyi mwamjua, na mwajua aendako. Mashine iliyo angani huona kitu kirefu, cheusi, begani mwa mwanamume, nayo hujibu kwa hesabu: 80 kwa 100 ni bunduki. (Hesabu hii nimeitunga kwa kufundishia tu.) Akiwapo mtu wa kuuliza, "Na zile 20 je?" fundi atafika kazini salama.

Je, mtu huyo akiondolewa? Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika juu ya vita vya Libya. Walisema kwamba mwaka 2020 askari waliokuwa wakirudi nyuma walisakwa na kushambuliwa kwa ndege zisizo na rubani na kwa silaha kama Kargu-2, iliyoundwa Uturuki, ambayo yaweza kupangwa ishambulie bila kuwasiliana na mwendeshaji wake. Hawakusema kama kweli ilijiamulia yenyewe siku ile, wala kama ilimwua mtu. Basi nasi tusiongeze chumvi. Lakini silaha ya namna hiyo ipo.

Baina ya mataifa makubwa hatari ni zaidi, kwa kuwa kila mmoja huogopa kuchelewa, na muda wa kuuliza hupungua. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, ofisa wa Urusi ya Kisovieti, Stanislav Petrov, aliarifiwa na mtambo kwamba makombora 5 yanakuja kutoka Marekani. Akafikiri: nani aanzaye vita kuu kwa makombora 5? Akawaambia wakubwa wake kwamba mtambo umekosea. Ikaonekana baadaye kwamba ulikuwa mwanga wa jua tu, uliorudishwa na mawingu. Mtambo ule ulikuwa wa kale, usio na akili unde, na hata hivyo Petrov alikuwa na dakika chache tu.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa miongoni mwa waandalizi wa mkutano wa Seoul, Septemba 2024, uliozungumza habari hizi. Desemba iliyofuata mataifa 166 yalipiga kura katika Umoja wa Mataifa kuunga mkono mazungumzo juu ya silaha zijiamuliazo. 3 tu yalikataa. Kura hiyo si sheria ya kumfunga mtu.

Kwa Kidato cha Tatu na kuendelea: ikiwa mashine imeshachagua, na ofisa amepewa sekunde 10 za kusema "ndiyo" au "hapana", je, aliyeamua ni nani? Andikeni ukurasa mmoja, niletewe kabla ya kufunga shule.