Mizani ya Pamba na Uhuru wa Soko

Bukundi ni kata ya wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, katika nchi ya pamba. Huko neno "soko huria" si la wataalamu peke yao. Jamaa zilizolima msimu mzima hungojea bei kwa ajili ya sare ya mtoto, dawa ya mgonjwa na chakula cha miezi ya njaa. Yafaa basi tujifunze jinsi soko hilo lilivyokuja, na lilivyogusa nyumba zetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa kwa mizani za wafanyabiashara. Waliweka wapimaji wao wenyewe, kisha wakaunda vyama. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Ushirika ule haukuletwa na amri. Wakulima waliuanzisha ili kulinda jasho lao.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilizidi kuushika uchumi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na Mamlaka ya Pamba ikashika ununuzi. Mkulima aliijua bei mapema, nayo ilikuwa moja kwa wote. Lakini malipo yalichelewa, na mwenye mali akawa mtu wa kungojea. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, ila kwa kuwa vilirudi kutoka juu, wengi hawakuviona tena kuwa vyao.

Kuanzia mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa. Tusikane heri iliyopatikana: viwanda vya kuchambua pamba viliongezeka, wanunuzi wakashindana, na wakulima wengi wakalipwa papo hapo. Lakini mkopo wa dawa za wadudu ulikatika. Maana ni nani atakayemkopesha mkulima dawa, na pamba ije ichukuliwe na mwingine? Tena, wanunuzi wenye haraka hawakutenga pamba safi na chafu. Kwa hiyo wakulima wengine walitia maji na mchanga ili uzito uongezeke, na sifa ya pamba yetu ikashuka. Waliopigana zamani na mizani ya uongo wakaanza nao kuidanganya mizani.

Nyumbani je? Pamba hulimwa na nyumba nzima: mama hupalilia, watoto huchuma. Lakini fedha taslimu huingia mfukoni mwa mtu mmoja, siku moja. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali, na ada ya shule ya msingi ilidaiwa hadi ilipofutwa mwaka 2001. Mfuko ukawa ule ule, nayo mahitaji yakaongezeka. Baba aliyetumia mavuno pasipo shauri la nyumba yake aliwaumiza wanawe kuliko mlanguzi yeyote.

Mwaka 2018 serikali iliagiza pamba iuzwe tena kupitia vyama vya msingi. Na mwaka 2019, bei ya dunia iliposhuka, wakulima wengi walicheleweshewa malipo. Basi twaona kwamba mpango wa serikali peke yake haukutosha, wala uhuru wa soko peke yake. Vyote viwili humwumiza mkulima asiyeshika mizani na daftari lake.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanachama na ahudhurie mkutano, atake hesabu isomwe mbele ya wote, na asimchague kiongozi kwa ukoo wala kwa pombe. Auze pamba safi, hata jirani akitia mchanga. Na jioni ya malipo, fedha na ziwekwe mezani mbele ya mama na watoto, zihesabiwe pamoja, kwa maana wote walizitolea jasho.