Je, Ipo Dawa ya Kumtibu Mbakaji?

Swali hili huulizwa kila kosa la ubakaji linapotajwa. Dawa zipo, lakini kazi yake ni finyu kuliko watu wanavyodhani.

Zilizo nyingi hupunguza testosteroni, homoni ya kiume inayochochea ashiki. Leuprolidi na triptorelini hudungwa kwa sindano. Siproteroni yaweza kumezwa. Ashiki hufifia, nayo hurejea dawa ikikatizwa. Pana pia dawa za sonona, kama fluoksetini, wanazopewa wanaosongwa na mawazo ya ngono wasiyoweza kuyazuia. Sindano za muda mrefu hudhoofisha mifupa na kuongeza uzito, hivyo mgonjwa hapaswi kuachwa bila vipimo. Jimbo la California liliziingiza katika sheria mwaka 1996, Indonesia mwaka 2016. Burundi, kwa sheria yake ya tarehe 22 Septemba 2016 kuhusu ukatili wa kijinsia, imeshika njia ya kumlinda mwathiriwa na kumwadhibu mkosaji.

Anayesaidiwa hasa ni yule ambaye kosa lake latokana na tamaa inayomtawala, kwa mfano mvuto kwa watoto, naye akakubali kutibiwa na kupewa ushauri nasaha pamoja na dawa. Lakini mwenye mtumbwi anayemtaka mchuuzi wa ndagala mwili wake kabla ya kumuuzia samaki hana homoni iliyozidi. Ana mamlaka, naye anayatumia vibaya. Sindano haimfundishi mtu kuheshimu neno "sitaki". Vivyo hivyo mlevi anayebaka kwa ubabe: huyo ahitaji kwanza kuachishwa pombe.

Kwa hiyo familia inayosema, "Tumempeleka Kamenge kwa madaktari wa akili, yaishe," haijamaliza kesi. Daktari hutibu, hakimu huhukumu, na mfungwa atokaye gereza la Murembwe bado ahitaji wa kumfuatilia nyumbani.

Dawa isiyoweza kungoja ni ya mwathiriwa. Kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI huanzishwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Ya kuzuia mimba, ndani ya saa 120. Mpelekeni kwanza kituo cha afya, bila kumwogesha wala kufua nguo zake, kisha mje polisi. Seruka mjini Bujumbura na Humura huko Gitega hupokea waathiriwa wa makosa haya.