Kumfariji Rafiki Myahudi Aliyefiwa

Katika nchi yetu ya Bukoba na Muleba mtu hafundishwi kwenda msibani, hukua akiona. Jirani akifiwa, majani hutandazwa, moto huwashwa nje, wanaume hukesha, akina mama huleta ndizi na kuni, na marehemu huzikwa katika kibanja cha wazee wake. Ndege ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wakafa watu 19, Wakristo na Waislamu walilia pamoja. Lakini yaweza kutokea kwamba aliyefiwa ni rafiki Myahudi. Hapo wengi hukaa nyumbani wakichelea kukosea, na rafiki huachwa peke yake siku ile anayohitaji watu. Somo letu la leo lataka kuiondoa hofu hiyo.

Mtu asidhani ya kuwa Wayahudi wako mbali nasi. Avukaye Mutukula kwenda Uganda kwa masomo au biashara aweza kukutana na Abayudaya wa Mbale, Waafrika kama sisi. Jamii yao ilianza mwaka 1919 kwa uongozi wa Semei Kakungulu. Wakati wa Idi Amin ibada zao zilipigwa marufuku, lakini wako waliodumu katika dini yao, na jamii hiyo ipo hata leo. Nairobi nako kuna sinagogi tangu mapema katika karne ya 20.

Yafaa kwanza kujua desturi yao. Wayahudi huzika upesi, kwa sanda nyeupe isiyo na mapambo, tajiri na maskini sawasawa. Baada ya maziko huanza siku saba za matanga, ziitwazo shiva, yaani saba. Wanaozishika ni mzazi, mtoto, ndugu, mume au mke wa marehemu. Hao hukaa nyumbani juu ya viti vifupi au chini, hawaendi kazini, hawanyoi, na vioo vya nyumba hufunikwa. Maombolezo mepesi zaidi huendelea hata siku ya thelathini. Naye aliyefiwa na mzazi huomboleza mwaka mzima.

Basi, mgeni afanye nini?

Kwanza, aende. Asingoje mwaliko, maana mlango wa matanga huachwa wazi ili watu waingie bila kubisha. Lakini tangu Ijumaa jua lichwapo hata Jumamosi usiku ni Sabato, na matanga hayafanywi hadharani. Siku hiyo asiende kuhani.

Pili, anyamaze. Sisi tumezoea salamu ndefu, na kuulizana habari za nyumbani na za shamba. Kwao mgeni huingia, huketi, na kungoja mfiwa aanze kusema. Desturi hiyo yatukumbusha Kitabu cha Ayubu. Rafiki zake walitoka mbali, wakaketi naye chini siku saba, bila neno. Wakati huo walikuwa wafariji wa kweli. Walipofumbua vinywa na kuanza kumweleza sababu ya mateso yake, ndipo walipomwongezea jeraha. Kwa hiyo tusiseme kwamba marehemu amepumzika, au kwamba Mungu atatoa mwingine. Mfiwa akisema, tumsikilize. Akilitaja jina la marehemu, nasi tulitaje, tukisimulia wema wake tulioujua.

Tatu, awe mwangalifu kwa chakula. Mlo wa kwanza baada ya maziko huletwa na majirani, nasi twaelewa maana yake. Lakini washikao sheria hawali nyama isiyochinjwa kwa taratibu zao, wala chakula kilichopikwa katika vyungu vya wengine. Mtu asione kwamba amedharauliwa. Nyama asipeleke, na hata senene wetu awaache nyumbani. Matunda mazima, kama ndizi mbivu na mananasi, hupokewa kwa shukrani. Badala ya maua, wengi hupenda sadaka itolewe kwa maskini kwa kumkumbuka marehemu.

Nne, aheshimu sala yao. Ili sala ya wafiwa iitwayo Kadishi isomwe, hutakiwa watu wazima kumi wa dini yao. Kwa desturi ya zamani ni wanaume, na makundi mengine huhesabu wanawake pia. Sala hiyo haitaji kifo, bali humtukuza Mungu. Kanisani mwanamume huvua kofia, kwao huivaa. Mgeni na asimame kimya pamoja nao.

Mkatoliki aweza kumwombea marehemu nyumbani kwake, lakini asipeleke rozari matangani wala asifanye huzuni ya mwenzake kuwa nafasi ya kuhubiri. Kardinali Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Muleba ya leo, alikuwa mmoja wa mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mtaguso huo, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitaka Wakristo na Wayahudi wafahamiane na kuheshimiana. Fundisho hilo lapata mwili wake mtu anapoketi kimya katika nyumba ya mfiwa.

Zaidi ya hayo, tukumbuke ya kuwa siku ya nane ni nzito kuliko ya kwanza. Wageni wamekwisha kwenda zao, vioo vimefunuliwa, na kiti cha marehemu ki kitupu. Sisi nasi twaijua siku hiyo, matanga yanapokwisha na majani kuondolewa. Rafiki arudi wakati huo, amsaidie kazi, amwandikie barua au ampigie simu, na atie alama katika kalenda siku mwaka utakapotimia. Mfiwa huweza kusahau maneno mengi aliyoambiwa, lakini hamsahau aliyerudi.