Kipandauso: Tembe Peke Yake Haitoshi

Kipandauso si kuumwa na kichwa hivi hivi tu. Maumivu hugonga kama mapigo ya moyo, mara nyingi upande mmoja. Mtu huchafukwa na roho au kutapika, na mwanga na kelele humkera. Yaweza kudumu saa 4 hadi siku 3. Wanawake hupatwa takriban mara 3 zaidi ya wanaume. Sababu moja ni homoni iitwayo estrojeni, ambayo hushuka hedhi inapokaribia. (Wavulana, chekeni tu, nanyi mna mama na dada nyumbani.)

Mama yangu huuza mahamri ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Alikuwa akitoka alfajiri na tumbo tupu. Kisha siku nyingine nasikia, "Zima taa mwanangu, kitwa chataka kupasuka!" Siku hiyo hakuna biashara, na karo yangu yangoja. Basi akazoea tembe za dukani, mwisho akawa anameza karibu kila siku, na kichwa ndiyo kwanza kinazidi.

Muuguzi wa zahanati alitueleza jambo lililonishangaza. Hata parasetamoli, ikimezwa siku 15 au zaidi kila mwezi kwa miezi kadhaa, yenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Dawa imegeuka ugonjwa! Mama akapangiwa upya: ameze mapema, maumivu yakianza tu, wala zisizidi siku 2 kwa wiki.

Mengine ni kazi ya nyumbani. Tukaanzisha daftari, mimi nikiwa karani: tarehe, alichokula, alivyolala, hedhi. Miezi miwili haikwisha tukaona. Kichwa huja hedhi ikikaribia, tena hasa siku anazotoka bila chai. Sasa hunywa chai kabla ya kwenda feri, hubeba chupa ya maji, na hulala saa ile ile hata Jumapili. Kikimshika, humeza dawa yake, hujilaza gizani na kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, akipumua polepole. Nyanya humfunga leso kichwani. Mimi niliona ni ushamba, lakini mama asema yampunguzia.

Ila kichwa kikiuma ghafla kwa nguvu zisizo za kawaida, au kikija na homa na shingo kukakamaa, au mkono ukilegea, au mgonjwa ni mjamzito, msingoje daftari. Hospitali mara moja.

Mwezi wa kwanza daftari lilikuwa na alama 9. Mwezi uliopita ni 4, na siku moja kati ya hizo alisahau chai.