Kijana Anayetamani Kufa: Mzigo Wake na Msaada Wake

Shabaha ya somo: Mkatekumeni ajue kwa nini kijana hupatwa na mawazo ya kujiua, apate kumtambua mapema na kumsaidia.

1. Habari ya Sara binti Ragueli

Katika kitabu cha Tobiti imo habari ya msichana aitwaye Sara, aliyekaa Ekbatana katika nchi ya Media. Aliozwa waume saba, nao wote wakafa usiku wa arusi. Siku moja mjakazi alimtukana, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyewaua. Sara akapanda chumbani akilia, akawaza kujiua. Lakini akamkumbuka baba yake. Yeye alikuwa mtoto wake wa pekee, na mzee angeshuka kaburini kwa huzuni. Akaliacha wazo lile, akasimama karibu na dirisha, akamwambia Mungu uchungu wake wote. Mungu akamsikia, akamtuma malaika Rafaeli. Baadaye Sara aliolewa na Tobia, wakapata watoto.

Habari hii yafundisha mambo matatu. Kwanza, Sara hakuyachukia maisha. Alichoka kusikia matusi. Pili, kumkumbuka mtu ampendaye kulimzuia. Tatu, aibu yake ilipoondolewa, aliishi.

Ndivyo ilivyo kwa vijana wengi. Asemaye, "Heri nife," mara nyingi hatafuti kifo. Atafuta kuutua mzigo uliomshinda. Basi, kazi ya kwanza ya mtu mzima si kukemea, bali kuutafuta mzigo huo.

2. Mizigo inayowalemea vijana

Hatari hii iko duniani kote. Shirika la Afya la Dunia lahesabu watu zaidi ya 720,000 wanaokufa kwa kujiua kila mwaka. Kati ya vijana wa miaka 15 hadi 29, ni sababu ya tatu ya vifo. Lakini kila nchi ina mizigo yake, na ya Ituri yajulikana.

Mzigo wa vita. Vita vya miaka ya 1999 hadi 2003 viliua maelfu ya watu. Mashambulio yakaanza tena huko Djugu mwezi wa Desemba 2017, na watu wengi wakakimbilia Bunia. Hata kambini amani haikupatikana: tarehe 1 Februari 2022 washambulizi waliingia usiku katika kambi ya Plaine Savo, wakaua watu zaidi ya 50. Kijana aliyeona wazazi wake wakiuawa huota mambo hayo usiku. Hushtuka akisikia kishindo. Pengine hujilaumu kwa kuwa yeye amepona na ndugu zake wamekufa.

Mzigo wa aibu. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Gent, Ubelgiji, walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa wasichana 1,305 wa shule za Bunia. Walitaka kujua hali ya moyo ya wale waliotendewa jeuri ya mwili wakati wa vita. Waliona kwamba maumivu ya wasichana hao hayakutoka katika jeuri ile peke yake. Taabu za kila siku, masengenyo, dharau na kutengwa viliyaongeza sana. Maana yake ni nzito: adui alijeruhi mara moja, lakini jirani aweza kujeruhi kila siku kwa ulimi wake, kama mjakazi wa Sara.

Mzigo wa kujiona hafai. Kijana hufukuzwa darasani kwa kukosa malipo ya shule. Nyumbani chakula ni kidogo, na kila siku asikia, "Wewe wala tu, hufanyi kazi." Mwishowe huanza kuamini kwamba jamaa yake wangepumzika kama asingalikuwapo. Wazo hilo ni la uongo, lakini moyoni mwake laonekana kuwa kweli.

Mzigo wa upweke. Yatima na mkimbizi huweza kukaa katikati ya watu mia na asiwe na hata mmoja wa kumwambia neno.

Mzigo wa ugonjwa. Iko huzuni ambayo ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Huondoa usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kuwaza. Si uvivu, wala si uchawi, wala si ukosefu wa imani. Yahitaji mganga wa hospitali.

Mara nyingi mizigo hii hukutana kwa mtu mmoja. Achukuliwe mfano wa kijana wa miaka 16, yatima aliyekimbia kutoka Djugu, anayekaa kwa mjomba wake Bunia. Ameanguka mtihani, akapigwa, na usiku ule asema ataka kufa. Watu husema, "Ni kwa ajili ya mtihani tu." Sivyo. Mtihani ni cheche. Majani makavu yalikusanyika tangu zamani. Anayeitazama cheche tu hatauzima moto.

3. Dalili za kuangalia

Kijana husema maneno kama haya: "Nimechoka kuishi," au, "Mtakaa vizuri nikiondoka." Hujitenga na rafiki. Huacha mambo aliyoyapenda. Hulewa, naye hakuwa mlevi. Hugawa vitu vyake kama mtu anayeaga. Wengine, baada ya huzuni ndefu, hutulia ghafla; utulivu huo usimdanganye mzazi.

Wako wasemao, "Atajaye kujiua hafanyi." Neno hilo si kweli, nalo limeacha wengi bila msaada.

4. Namna ya kusaidia

Nabii Eliya naye, alipokimbia jangwani, aliketi chini ya mti akaomba kufa. Malaika hakumkemea. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha mara ya pili. Ndipo Eliya akapata nguvu ya kwenda mpaka mlima Horebu. Katika habari hii imo njia nzuri.

Kumkaribia. Mkubwa aketi na kijana mahali pa faragha, ampe chakula, asikilize bila haraka na bila kumkatiza.

Kumwuliza wazi. Aseme kwa upole, "Mwanangu, je, umewaza kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo baya. Humfungulia mlango wa kusema.

Kutomwacha peke yake. Akikiri wazo hilo, mtu akae naye usiku na mchana. Dawa za shamba na vitu vingine vya hatari viwekwe mbali naye.

Kuita msaada. Siri ya namna hii isifichwe. Aambiwe mzazi au mtu mzima mwaminifu, kisha kijana apelekwe kituo cha afya au hospitali kuu ya Bunia. Wasichana na wanawake waliotendewa jeuri hupokewa katika kituo cha Karibuni wa Mama, Bunia, cha chama cha akina mama SOFEPADI. Padri na katekista watamwombea na kumtembelea, lakini sala haizuii dawa.

Kuupunguza mzigo wenyewe. Akidhihakiwa, wadhihaki wanyamazishwe. Akikosa malipo, jumuiya itafute njia. Akiwa mpweke, apewe mahali pake kati ya wenzake. Shauri tupu halitoshi mzigo ukibaki kichwani.

5. Mafundisho ya Kanisa

Uhai ni mali ya Mungu, na amri ya tano yaulinda, hata uhai wa mtu mwenyewe. Lakini Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba ugonjwa wa akili, uchungu mkubwa au hofu kuu ya mateso huweza kupunguza hatia ya mtu. Yasema pia kwamba watu wasikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua, Kanisa huwaombea. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa kusudi. Ile ya mwaka 1983 haikuwataja tena kati ya wanaonyimwa. Basi, jamaa ya marehemu wasitengwe, wafarijiwe.

6. Maswali na majibu

Swali: Kijana asemaye ataka kufa, mara nyingi ataka nini?
Jibu: Ataka kuutua mzigo uliomshinda.

Swali: Je, kumwuliza juu ya kujiua ni kumfundisha kujiua?
Jibu: La. Ni kumfungulia mlango wa kusema na kusaidiwa.

Swali: Nani aliongeza uchungu wa Sara?
Jibu: Mjakazi, kwa ulimi wake.

Swali: Malaika alianza na nini kwa Eliya?
Jibu: Alianza na mkate, maji na usingizi.

Azimio: Juma hili kila mkatekumeni amtafute kijana mmoja aliye mpweke karibu na nyumba yake, aketi naye, amsikilize.