Goti Lililoshonwa: Maumivu ya Kawaida na Dalili za Hatari

Mchezaji kandanda wa Ukunda, mwendesha bodaboda wa Lungalunga na mgema wa Msambweni wote wanaweza kuumia goti kwa njia moja: mguu unajipinda ghafla na gegedu linachanika. Gegedu hilo, ambalo madaktari huliita meniskasi, lina umbo la mwezi mchanga. Kila goti lina mawili, kati ya mfupa wa paja na muundi. Likichanika, wakati mwingine hushonwa.

Baadhi ya wakazi hufanyiwa upasuaji Mombasa, kisha huvuka Likoni kurudi nyumbani. Tatizo likizuka, wa kwanza kuligundua ni mgonjwa mwenyewe au jamaa zake.

Je, utajuaje? Goti kuvimba na kuuma siku za kwanza ni kawaida, mradi maumivu yapungue kadiri siku zinavyosonga. Yakizidi, au yakipungua kisha yarudi kwa nguvu, nenda hospitalini. Zingatia dalili hizi:

1. Maambukizi. Homa, usaha kwenye kidonda, au goti kuwa na joto jingi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane, kwa hivyo gusa magoti yote mawili kwa kiganja ulinganishe. Daktari atavuta maji ya goti kwa sindano yapimwe maabara. Usinunue antibayotiki dukani kabla ya kipimo hicho, kwani zinaweza kuficha viini. Usaha ndani ya goti unaweza kuharibu gegedu kwa siku chache tu.

2. Damu kuganda. Shavu la mguu mmoja huvimba na kuuma. Kipimo chake ni altrasaundi. Usikandwe wala kuchuliwa mafuta. Kifua kikiuma au pumzi zikikatika, kimbizwa hospitalini mara moja, hata kama ni usiku: huenda damu iliyoganda imefika mapafuni.

3. Neva kuumia. Ganzi isiyoisha, au wayo kushindwa kuinuka unapotembea.

4. Mshono kuachia. Huweza kutokea wiki au miezi baadaye. Goti hukwama, au huvimba kila ukifanya kazi. Picha ya MRI husaidia, lakini kovu linaweza kuonekana kama mchaniko mpya. Ndiyo maana daktari hulipima goti kwa mikono pia.

5. Goti kukakamaa. Likikataa kunyooka au kukunjika licha ya mazoezi, mweleze daktari mapema.

Ili kulinda mshono, madaktari wengi hukataza kuchuchumaa kwa miezi kadhaa. Hapa kwetu, hilo linagusa choo cha shimo na sala. Tafuta kiti cha choo, na uswali ukiwa umeketi kitini hadi daktari akuruhusu kupiga magoti.

Mwisho, usiondoke hospitalini bila barua inayoeleza upasuaji uliofanyiwa: gegedu lilishonwa au lilikatwa kipande, lini, na ni dawa gani ulizopewa. Ukifika hospitali ya Msambweni, Kwale au Kinango, barua hiyo itamwokolea muda daktari ambaye hakukupasua.

Usisubiri kliniki ijayo ukiona dalili hizi. Goti likiwahiwa, huokolewa.