Steki ya sherehe: Kuuliza si ushamba

 

Ndugu msomaji, lipo swali ambalo vijana niliowafundisha Maarifa ya Uislamu sekondari huniletea mara kwa mara. Wengi wao sasa ni wafanyakazi wa mabenki, hospitali na makampuni. Mmoja ataniambia kuwa bosi wake amealika idara nzima chakula cha jioni kumpongeza kwa kupandishwa cheo. Mwingine ametimiza miaka kumi ya ndoa na anataka kumtoa mkewe. Mwingine mdogo wake amehitimu chuo kikuu na familia imechanga fedha. Mahali palipochaguliwa ni mgahawa mkubwa wa steki, ule ambao kipande kimoja cha nyama ya sarara kinauzwa kwa bei ya kilo kadhaa za buchani. Kisha linafuata swali: "Ustadh, nyama ya pale inafaa kuliwa?"

Huwa namjibu kwa swali: "Umewauliza wenyewe?" Karibu kila mara jibu ni hapana. Wanampigia simu mwalimu wao aliyeko Temeke, ambaye hajui jiko lile lina nini, lakini hawamuulizi mhudumu anayesimama mbele yao na kalamu mkononi. Sababu wanayoitoa ni moja. Wanaona haya. Wanaogopa kuonekana washamba mbele ya wenzao. Makala haya yanahusu haya hiyo, na yanaeleza mambo gani tuulize na yapi tusijitaabishe nayo.

Chakula kizuri si haramu

Tuanze na msingi. Katika Suratul A'raaf (7:31-32) Allah (s.w) ameturuhusu kula na kunywa, ametukataza israfu, na amewakemea wanaojiharamishia vitu vizuri alivyowaruzuku waja wake. Mtume (s.a.w) mwenyewe alipenda nyama ya mkono wa mbuzi au kondoo, kama ilivyopokewa na Abu Huraira (r.a) katika Bukhari. Kwa hiyo nyama nono iliyochomwa vizuri haiwi haramu kwa sababu tu imeletwa kwenye sahani ya bei kubwa.

Wapo wanaosema kula nyama kwa kisu ni kuiga makafiri. Katika Sahih Bukhari, Amr bin Umayya (r.a) anasimulia kuwa alimuona Mtume (s.a.w) akikata kwa kisu nyama ya bega la kondoo, akaitwa kwenye swala, akakiweka kisu, akaenda kuswali bila kutawadha upya. Hadithi inayotajwa kukataza jambo hilo, iliyomo katika Sunan Abi Daud, Abu Daud mwenyewe ameeleza kuwa haina nguvu. Linalotakiwa kuangaliwa ni mkono. Adabu ya mezani ya Wazungu inataka uma ushikwe kwa kushoto na upeleke chakula mdomoni, ilhali Mtume (s.a.w) alimfundisha kijana Umar bin Abi Salama (r.a) ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia na ale kilicho mbele yake. Kata nyama yako, weka kisu chini, hamishia uma kulia, kula. Hakuna atakayekufukuza.

Tazama pia kwamba Mtume (s.a.w) alikiacha kisu alipoitwa kwenye swala. Sherehe zetu nyingi huanza saa kumi na mbili jioni, na Magharibi inapita watu wakisubiri steki. Panga muda wako kabla hujatoka nyumbani.

Wapi tuulize, wapi tusiulize

Bi Aisha (r.a) amepokea kuwa watu walimuuliza Mtume (s.a.w) kuhusu nyama iliyoletwa na watu waliosilimu karibuni, ambayo haikujulikana kama ilitajiwa jina la Allah au la. Akawaambia walitaje wao jina la Allah na wale. Hadithi hii imo katika Bukhari. Tunajifunza kuwa Muislamu hajaamrishwa kuishi kwa wasiwasi. Nyama ya ng'ombe aliyenunuliwa mnada wa Pugu na kuchinjwa Vingunguti, ambako wachinjaji wanaojulikana ni Waislamu, huna sababu ya kumhoji muuza mishkaki wa mtaani kwako.

Lakini mgahawa wa steki mara nyingi una jambo la ziada. Unajitangaza kwa fahari kuwa nyama yake imesafirishwa kutoka Afrika Kusini, Brazil au Australia. Hapo ile hali tuliyoizoea imeondoka na sababu ya kuuliza imepatikana. Kuagizwa kutoka nje peke yake hakuifanyi nyama kuwa haramu. Brazil ni miongoni mwa nchi zinazouza nyama ya halali kwa wingi duniani, na Afrika Kusini zipo taasisi za Waislamu kama SANHA zinazosimamia machinjio na kutoa alama. Lakini nchi hizo hizo zina machinjio yasiyosimamiwa na Waislamu. Mgahawa wenye nyama ya halali utakuwa na katoni yenye alama au hati ya muuzaji, na kuionesha hakuchukui hata dakika tano.

Wapo watakaotaja Suratul Maida (5:5), inayotuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu. Aya hiyo ni ya haki, lakini haihalalishi mnyama aliyekufa kwa kipigo au kwa umeme kabla ya kuchinjwa, kwa sababu aya ya tatu ya sura hiyo hiyo imekwishamharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa. Wanazuoni wa Kishafi wameweka masharti zaidi kuhusu ni nani hasa Ahlul Kitab. Mwenye kutaka kuisalimisha dini yake ataishika hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayotuusia kujiepusha na yenye utata.

Kikaango na sosi

Tuseme nyama imechinjwa kisheria. Sasa inaingia jikoni. Je, wavu unaochomea steki yako ndio unaochomea mbavu za nguruwe? Je, sarara yako imezungushiwa bekoni, ambayo ni nyama hiyo hiyo ya nguruwe, kitimoto iliyopewa jina la heshima? Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, nguruwe ni najisi nzito. Chombo kilichomgusa kikiwa kimaji hakitoshi kupanguswa kwa kitambaa.

Kisha kuna sosi. Ile ya pilipili manga inayomwagiwa juu ya steki, mapishi yake ya kawaida yana brandi. Sosi nyingine hupikwa kwa mvinyo mwekundu. Mpishi atakwambia pombe yote imeondoka kwa moto. Takwimu za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinaonesha vingine. Chakula kilichomwagiwa pombe na kuwashwa moto hubaki na takriban asilimia 75 ya pombe hiyo. Kilichochemka dakika 15 hubaki na kama asilimia 40, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki asilimia 5 hivi. Omba steki yako kwa chumvi, pilipili na limau, sosi ibaki jikoni.

Upande wa pili, lipo jambo ambalo watu hulikimbia bila sababu. Steki ikikatwa na kutoa maji mekundu, wengi husema ni damu na kwamba imeharamishwa. Suratul An'aam (6:145) imeharamisha damu inayomiminika, yaani ile inayotoka mnyama anapochinjwa. Maji yale mekundu ni maji ya nyama yenyewe yaliyochanganyika na mayoglobini, protini inayoipa misuli rangi yake. Hata ile damu kidogo inayobaki katika nyama baada ya kuchinja, wanazuoni wameeleza kuwa imesamehewa. Usipoipenda nyama ambayo haijaiva katikati, agiza iliyoiva. Mtume (s.a.w) aliacha kula kenge wa jangwani kwa kuwa hakumzoea, lakini hakumharamishia Khalid bin Walid (r.a).

Meza yenye chupa

Hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo wanafunzi wangu hawaliulizi. Imepokewa katika Tirmidhi kuwa Mtume (s.a.w) amemkataza anayemuamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza inayopitishwa pombe. Makatazo hayo yanahusu kukaa, hata kama glasi yako ina maji. Kijana wa ofisini ataniambia, "Ustadh, nikikataa mwaliko bosi ataniona mbaguzi." Naelewa uzito wa maneno hayo kwa mtu mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto. Lakini kabla ya kukata tamaa, amejaribu nini? Anaweza kumwendea bosi mapema, kwa adabu, akamuomba tafrija ifanyike mchana, au pawepo meza isiyo na pombe, au pongezi zitolewe ofisini. Yote yakishindikana, aombe udhuru na ashukuru. Riziki yake haikuandikwa na bosi.

Na tujiulize sisi kwa sisi. Msabato akifika mgahawani huuliza kama kuna nguruwe kwenye chakula. Mhindu asiyekula nyama huuliza mpaka mafuta yaliyokaangiwa viazi. Mwenye kudhurika na karanga huuliza, na mpishi hutoka jikoni kumjibu. Hakuna anayewaita washamba. Kwa nini sisi, tulioamrishwa na Mola wetu kula kilicho halali na kizuri, ndio tunyamaze?

Mwaka jana familia moja ya jamaa zangu ilikuwa ikimpongeza binti yao aliyehitimu, nami nikaombwa kusaidia kutafuta mahali. Mgahawa wa kwanza tuliopiga simu, jibu lilikuwa, "Waislamu wengi tu wanakula hapa." Hilo si jibu, kwani wingi wa walaji si hati ya mchinjaji. Tukaachana nao. Wa pili, mpishi alikuja mwenyewe kwenye simu. Akaeleza kuwa ng'ombe wanamchukua kwa muuzaji wa hapa hapa mjini, kondoo anatoka nje akiwa na alama ya halali, na sosi ya pilipili ina brandi. Akakubali kutupikia katika kikaango cha peke yake kisichowahi kuguswa na nguruwe, na kututengea chumba cha pembeni kisicho na pombe. Tulipofika alituonesha katoni. Tulikula kwa utulivu, na Magharibi tukaiswali kwa jamaa mle mle chumbani.

Mfuko nao una haki

Jambo la mwisho ni gharama. Imepokewa katika Tirmidhi kuwa Allah (s.w) anapenda kuona athari ya neema yake kwa mja wake. Mwenye uwezo akiifurahisha familia yake hatukanwi. Lakini Suratul Furqaan (25:67) inawasifu wasiofanya israfu wala ubahili, wakashika katikati. Anayekopa ili apigwe picha mbele ya steki, au anayeagiza gramu 500 kisha nusu ikarudi jikoni, ametoka katikati. Kilichobaki kifungwe, kipelekwe nyumbani. Na tukumbuke kuwa Mtume (s.a.w) amekitaja kuwa chakula kibaya kile cha karamu wanayoitwa matajiri na kuachwa masikini. Ukimtoa mkeo au mwanao, mtengee na yatima wa mtaani kwako kilo moja ya nyama ya buchani.

Hivyo, ndugu yangu, kabla ya sherehe ijayo piga simu siku mbili mapema na uulize mambo manne: nyama imechinjwa na nani, inapikwa katika chombo gani, sosi ina nini, na meza yetu itakuwa wapi. Majibu yakiridhisha, taja jina la Allah na ule. Yasiporidhisha, wapo wapishi wengine mjini, na ipo nyama nzuri buchani.

Wallahu a'lam.